Leza Imefika Kilwa Kisiwani. Mwenye Magongo Je?

Ukitaka kuuona Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kwa ukaribu ambao hata mjusi anayeishi kwenye nyufa zake hajaupata, huna haja ya kupanda basi la Lindi wala kuvuka maji. Tafuta kompyuta na intaneti yenye kasi. Mwaka 2020 Google, pamoja na taasisi ya CyArk ya Marekani na ICOMOS, baraza la kimataifa la minara na maeneo ya kihistoria, waliweka mtandaoni maeneo matano ya urithi yanayotishiwa na mabadiliko ya tabianchi. Kilwa ilikuwamo, pamoja na Edinburgh ya Scotland, Rapa Nui, Bagerhat ya Bangladesh na Chan Chan ya Peru. Miaka mingi kabla ya hapo, wataalamu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioanzishwa na Profesa Heinz Rüther, walikuwa wameshafika kisiwani na skana zao za leza. Nguzo zimepimwa, matao yamepimwa, kuba zilizobaki na zilizoanguka zimepimwa.

Kazi ile ilikuwa ya maana na siwezi kuibeza. Bahari inamega ukingo wa kisiwa, mizizi inapasua kuta, na siku ukuta ukilala chini mafundi watakuwa na kipimo cha kurudia. Shida yangu iko kwingine. Mwanafunzi wa Kilwa Masoko, anayekiona kisiwa hicho kwa macho yake kila asubuhi, ana bando la wiki ambalo mfano mmoja wa jengo wa pande tatu unaweza kulimaliza kabla haujafunguka. Mzee mwenye magongo anayetaka kuzuru makaburi ya masultani hajawahi kusikia habari za leza, na angeisikia angeuliza swali la maana zaidi: boti itafunga wapi? Kijana kiziwi aliyekuja na wenzake wa shule anautazama mdomo wa mwongoza wageni ukifunguka na kufumbika kwa saa mbili. Na huyo mwongoza wageni, ambaye ndiye maelezo yote ya mahali pale, ni nadra kuukuta mstari wake kwenye bajeti ya mradi wowote wa teknolojia.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba fedha za kile kinachoitwa ufasiri wa kidijitali wa maeneo ya kihistoria tunazitumia kinyumenyume. Tunalipia kinachozinduliwa kwa urahisi, na tunakiacha kinachohitaji kutunzwa kila mwezi. Kilwa naitumia kama mfano kwa sababu naipenda, na kwa sababu hapo kila upande wa suala hili unaonekana waziwazi.

Simba wa Serengeti hahitaji mkalimani. Magofu yanamhitaji. Chukua Husuni Kubwa, kasri lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya jabali linalotazama bahari, likiwa na vyumba zaidi ya 100, nyua, na birika la kuogea lenye pembe nane. Sultani aliyelijenga, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, na kwa ukarimu wake watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Leo pana misingi, vipande vya kuta na vichaka. Mgeni asiye na mtu wa kumweleza atalipita lile birika akidhani ni josho la ng'ombe. Nimewaona watu wakikaa ukingoni mwake wakila mihogo ya kukaanga, wakilalamika kwamba wamelipa kiingilio kuja kutazama mawe.

Msikiti Mkuu nao ni vilevile. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11. Ile pana ya kusini, yenye kuba na matao, iliongezwa karne tatu baadaye enzi za ule ukoo wa Abu al-Mawahib, ikaanguka, ikasimamishwa tena katika karne ya 15. Mahali zinapokutana pana mshono ukutani, na mwongoza wageni mzuri atakushika mkono akupeleke hapo. Atakuambia usogeze uso karibu na jiwe. Utaona vijishimo vidogo vyenye umbo la nyota, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kikiwa nyumba ya kidudu cha matumbawe kilichokufa karne nyingi zilizopita. Jengo zima limetoka kwenye matumbawe. Ukishaliona hilo, huwezi tena kusema umekuja kutazama mawe.

Hapo ndipo teknolojia ina kazi ya kufanya, na nakiri kwamba kazi hiyo ni kubwa. Eneo la Urithi wa Dunia huwezi kulitoboa upendavyo. Huwezi kumwaga zege juu ya ngazi za kale za Husuni Kubwa ili kiti mwendo kipande, wala kupigilia vibao vya chuma kwenye ukuta wa karne ya 14. Kuba iliyoanguka huwezi kuirudisha ili tu mgeni apate picha. Sauti kwenye simu, picha ya jengo lilivyokuwa, mfano mdogo wa kasri unaoweza kupapaswa na asiyeona: vitu hivi vinaongeza maelezo bila kuligusa jiwe. Mwenye magongo ambaye mwili wake haumruhusu kupanda lile jabali anaweza, chini ya mti, kuonyeshwa kilichoko juu. Hayo ni matumizi halali kabisa.

Lakini hayohayo hugeuka kisingizio upesi sana. Nimeshasikia katika vikao zaidi ya kimoja mtu akisema, kwa nia njema, kwamba wenye ulemavu "watatembelea kwa njia ya mtandao". Yaani wao wakae nyumbani watazame, sisi wengine twende. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazungumzia jambo hili katika ibara ya 30: haki ya kushiriki maisha ya utamaduni, zikiwemo huduma za utalii na, kwa kadiri inavyowezekana, kufika kwenye minara na maeneo yenye umuhimu wa kitaifa. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sensa ya 2022 ikaonyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi wenye umri wa miaka saba na kuendelea ana aina fulani ya ulemavu. Maneno "kwa kadiri inavyowezekana" yamewekwa pale kwa ajili ya ngazi za Husuni Kubwa. Hayakuwekwa kwa ajili ya sehemu ya kushukia boti.

Nikae kidogo kwenye boti, maana huko ndiko bajeti nyingi za kidijitali zinakoanguka kabla hazijaanza. Mwambao wetu una bamvua ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita tatu na zaidi. Gati iliyosimama pale pale, hata iwe imara namna gani, inafaa kwa saa chache tu za siku. Maji yakishatoka, abiria yuko chini kabisa na ngazi iko juu ya kichwa chake. Ndiyo maana kwenye visiwa vyetu vingi utaona mtu mzima akibebwa mgongoni na vijana wa boti, suruali imekunjwa, viatu mkononi. Niliwahi kuvuka na bibi mmoja aliyebebwa hivyo, na ninachokikumbuka ni jinsi alivyoshika ushungi wake kwa meno, mikono yote miwili ikiwa shingoni mwa kijana, huku abiria wenzake wakitazama pembeni ili wasimfedheheshe. Alikuwa anarudi hospitali, wala hakuwa mtalii.

Kwa hiyo gati inayoelea, inayopanda na kushuka na maji, pamoja na njia ngumu ya kupita magurudumu kutoka ufukweni hadi kwenye majengo ya karibu, ni fedha zinazohudumia watu wawili kwa mpigo. Mgeni anashuka kwa heshima, na mwanakijiji anayekwenda Masoko kutibiwa anapanda kwa heshima. Kilwa Kisiwani ina wakazi. Wanalima, wanavua, wanapita katikati ya magofu wakienda kisimani. Sijaona programu ya simu inayoweza kushindana na hesabu hiyo, na kama ningekuwa mfadhili ningeanza hapo hata kama andiko la mradi wangu lina neno "dijitali" kwenye kila ukurasa.

Sasa tuje kwenye hizo programu zenyewe na namna zinavyokufa. Kwenye jengo moja la kihistoria la mwambao, ambalo sitalitaja kwa kuwa waliopo sasa hawana kosa, kuna kibao chenye ule msimbo wa kuchanganua kwa simu. Jua limekifubaza, chumvi imekila pembeni, lakini bado kinasomeka. Nilielekeza simu yangu. Ukurasa uliofunguka ulikuwa wa kampuni ya kamari, ukinikaribisha kwa bonasi ya mchezo wa kwanza. Bila shaka anuani ya tovuti ilikuwa ya mradi. Mradi ukaisha, ada ya mwaka haikulipwa, mtu mwingine akaichukua. Mwanafunzi wa darasa la sita anayechanganua kibao kile leo hapati historia, anapata mkeka.

Hilo halitokani na uzembe wa Waafrika, kama wengine wanavyopenda kufikiri. Hata wakubwa wa dunia wanazika. Matembezi mengi ya kidijitali ya makumbusho ya Ulaya na Marekani yalitengenezwa kwa programu ya Flash. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe ikaacha kuihudumia, na kazi za miaka zikawa hazifunguki. Google yenyewe ilikuwa na Poly, ghala la mifano ya pande tatu, ikalifunga Juni 2021. Mwezi huohuo ikaifunga Expeditions, ile programu iliyokuwa inawapeleka wanafunzi maeneo ya mbali kwa miwani ya kadibodi. Programu ya simu ya Android isiyosasishwa hupitwa na masharti mapya ya duka la programu, na baada ya miaka michache mwenye simu mpya haioni. Ukuta wa chokaa na matumbawe umekaa miaka 700 na bado unatunzika. Programu ya simu ikikaa mitano bila mhandisi, ni maiti.

Hapa lazima niseme jambo la kihasibu, na msomaji anisamehe kwa ukavu wake. Bajeti za Serikali yetu zina mifuko miwili: maendeleo, na matumizi ya kawaida. Mradi wa kidijitali huingia kupitia mlango wa maendeleo, aghalabu kwa fedha za mfadhili, kwa miaka miwili au mitatu. Unanunua vifaa, unaajiri mshauri, unaandaa warsha, unakata utepe. Siku unapofungwa, betri ya sola, ada ya tovuti, spika iliyopasuka na mkalimani wa kurekodi upya vinatakiwa viingie kwenye matumizi ya kawaida, ambako hakuna aliyeviandika. Mhasibu wa kituo hana kosa akisema hana kifungu. Hana kweli.

Waingereza wana mfuko wa urithi unaotokana na bahati nasibu ya taifa, ulioanza mwaka 1994. Umegawa fedha nyingi kwa makanisa, viwanda vya zamani na majumba. Sipendi sana kuleta mifano ya huko, kwani nusu ya vitu vyetu wamevihifadhi wao, lakini sharti lao moja nalihusudu: aliyepewa ruzuku akatengeneza kitu cha kidijitali, lazima akiweke wazi kwa umma na kikae kinapatikana miaka mitano baada ya mradi kuisha, na kwa ruzuku kubwa miaka 20. Hupewi fedha ya mwisho kwa ahadi ya mdomo. Unaonyesha mpango wa utunzaji. Sharti kama hilo halihitaji utajiri. Linahitaji mtu wa kulidai siku mkataba unaposainiwa.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mfadhili ameleta shilingi milioni 400 kwa ajili ya maelezo ya kidijitali Kilwa. Njia tuliyoizoea itazimaliza zote ndani ya miezi 24. Mimi ningezigawa hivi: milioni 100 zisiguswe kabisa. Zinunuliwe hati fungani za Serikali za muda mrefu, kwa jina la kituo, chini ya usimamizi wenye mwakilishi wa kijiji na wa watu wenye ulemavu. Ukihesabu faida ya asilimia 10 tu kwa mwaka, unapata milioni 10 kila mwaka bila kumwomba mtu. Hizo hazijengi kitu kipya, ila zinalipa ada, betri, na wiki moja ya kurekodi upya kilichopitwa na wakati. Mfadhili atanuna, kwa kuwa robo ya fedha zake haitaonekana kwenye picha za uzinduzi. Na anune.

Kilichopitwa na wakati, nimesema, kwa sababu historia ya Kilwa haijakaa kimya. Tangu mwanaakiolojia Neville Chittick achimbe pale miaka ya 1960 na kuchapisha vitabu vyake mwaka 1974, maelezo yamebadilika mara kadhaa kuhusu nani aliyejenga mji ule. Habari za kale za Kilwa zinasimulia juu ya mtoto wa sultani wa Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa vitambaa vya kutosha kukizungusha chote. Baadaye wanahistoria wakaisoma hadithi hiyo kama fahari ya ukoo, wakasisitiza kwamba mji ulikuwa wa Kiafrika tangu msingi. Kisha mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika mwambao na bara, wakiwemo wa Kilwa na wa kisiwa jirani cha Songo Mnara: kwa sehemu kubwa asili ya upande wa mama ilikuwa ya Kiafrika, na ya upande wa baba ikionyesha damu ya Uajemi iliyoanza kuchanganyika takriban mwaka 1000. Mwongoza wageni anayesoma alishaanza kulisimulia hilo. Sauti iliyorekodiwa kabla ya hapo na kufungiwa ndani ya programu isiyo na mhandisi itaendelea kusimulia ya zamani mpaka ife.

Na kuna yale ambayo kibao cha chuma hakina nafasi nayo, au hakina ujasiri. Wareno waliuvamia mji mwaka 1505 na kujenga ngome. Hilo tunalisema kwa sauti kubwa, kwa kuwa mkosaji ni mgeni. Kwamba mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, hilo hatulisemi sana. Kwenye sauti ya dakika tano, katika Kiswahili cha pwani, mtu akiwa amesimama mbele ya ukuta wa ngome ya Gereza, linaweza kusemwa lote.

Sauti ndiyo ningeipa fedha ya kwanza baada ya gati. Faili ya sauti ya dakika 20 iliyobanwa vizuri haizidi megabaiti 10. Inaingia kwenye kadi ya kumbukumbu, inachezwa na simu ya kitochi, inatumwa kutoka simu hadi simu bila bando. Kisanduku kidogo chenye umeme wa jua, kilichofungwa kwenye kibanda cha tiketi, kinaweza kurusha Wi-Fi ya hapohapo na kumpa kila mgeni sauti, maandishi makubwa, na video za Lugha ya Alama ya Tanzania, bila intaneti hata tone. Miwani ya kuonea mambo ya kufikirika ije mwisho, ikija kabisa. Inapasuka, inahitaji chaji, inamfaa mtu mmoja kwa wakati mmoja, na mvaaji wake anageuzia mgongo jengo halisi alilolipia kuliona.

Lakini ni sauti ya nani? Nimesikiliza maelezo ya aina hii yaliyorekodiwa studio na mtangazaji mwenye sauti nzito ambaye, kwa jinsi anavyotamka jina la magofu ya "Makutani", unajua hajawahi kufika. Wapo kisiwani watu ambao kazi yao ni kusimulia, na wazee ambao si kazi yao lakini ndio wanaojua. Hao warekodiwe, walipwe kwa mkataba, majina yao yatajwe, na kila faili likiuzwa au kupakuliwa kwa malipo wapate fungu. Hofu ya waongoza wageni kwamba mashine itawanyang'anya mkate ni ya haki kabisa, na dawa yake ni kuwafanya wamiliki wa hiyo mashine. Wageni wa meli kubwa za kitalii wanaposhuka mamia kwa pamoja, hakuna mwongozaji wa kuwatosha. Hapo sauti inaziba pengo. Siku za kawaida mgeni bado atataka mtu, kwa sababu faili halijibu swali.

Vivyo hivyo kwa wasioona na viziwi. Waitwe mwanzo, wakati andiko linaandikwa, wala si siku ya majaribio ya mwisho kuja kupigwa picha wakishika mfano wa msikiti. Mtu asiyeona atakuambia mambo ambayo mshauri hayawazi: kwamba nukta nundu peke yake haitoshi kwa kuwa wengi waliopoteza uwezo wa kuona ukubwani hawakujifunza kuisoma, kwamba anataka kujua upana wa chumba kwa hatua zake mwenyewe, kwamba upepo unaobadilika unapotoka chini ya kuba kwenda uani ni maelezo tosha kama utanyamaza asikie. Zile data za leza zinafaa sana hapa. Kutoka kwenye vipimo vilevile unaweza kuchapa mfano wa Msikiti Mkuu wa ukubwa wa meza, wenye mshono wa karne ya 11 na ya 14 unaohisika kwa kidole, na kipande cha jiwe la matumbawe kando yake, ili vidole elfu moja visiumalize ukuta halisi.

Hapo tunagonga mlango wa umiliki. Nakala maarufu ya Kiarabu ya habari za kale za Kilwa ipo London, katika Maktaba ya Uingereza. Ilifika huko baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kumpa konseli wa Uingereza, John Kirk, nakala mwaka 1877. Hatukuwa na namna ya kukataa. Vipimo vya leza ni hati ya zama zetu, na safari hii tuna namna. Mkataba wowote wa kupima jengo letu useme kwamba data ghafi, yaani faili kamili na si video ya kupendeza, inabaki pia Dar es Salaam, kwenye seva mbili tofauti, kwa mfano Makumbusho ya Taifa na Idara ya Akiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa muundo usiohitaji leseni ya kampuni kuufungua. Walioko Cape Town na Marekani wamefanya kazi yao kwa uungwana. Kazi ya kutunza nakala yetu ni yetu.

Najua jibu la mtu wa Kilwa mwenye hasira, na ana haki nalo. Shule haina madawati, zahanati haina dawa, wewe unazungumzia Wi-Fi kwenye magofu. Fedha za urithi na za zahanati hazitoki kapu moja, na mfadhili wa utamaduni ukimkatalia hapeleki fungu lake kwenye dawa, analipeleka nchi nyingine. Hata hivyo nakubali kwamba kuna mpangilio. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, vikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, vikatolewa 2014 baada ya miaka ya kuziba kuta, kung'oa miti na kupanda mikoko, kwa msaada wa Ufaransa, Japani, World Monuments Fund, Marekani na wengine. Muongo mzima huo ulikwenda kwenye mawe, na ilikuwa sawa. Ukuta unaoegemea usitafutiwe sauti kabla ya nguzo. Baada ya ukuta, gati na njia. Baada ya hapo, sauti na watu wake. Vingine visubiri zamu.

Kituo sasa kiko chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Wapo wanaocheka kwamba magofu yamekabidhiwa kwa walinzi wa wanyama. Mimi naona faida: mamlaka ile ina mifumo ya tiketi, na inajua maana ya kutunza barabara ya hifadhini kila mwaka kabla ya msimu. Kinachokosekana ni kanuni inayosema sehemu fulani ya kila kiingilio cha Kilwa, hata iwe ndogo, inabaki Kilwa kwa ajili ya maelezo na ufikivu, na hesabu yake inabandikwa kwenye ubao wa kibanda cha tiketi ambapo mwanakijiji anaweza kuisoma.

Bajeti ya Wizara ya Maliasili na Utalii husomwa bungeni wakati masika yanaelekea kuisha. Ningependa mbunge mmoja, wa chama chochote, aache maswali ya idadi ya watalii na aulize juu ya kila mradi wa kidijitali uliozinduliwa kwenye maeneo yetu ya kale katika miaka kumi iliyopita: ni mingapi bado inafunguka kwenye simu ya kawaida leo, nani analipa ada yake, na kifungu chake cha matumizi ya kawaida ni namba ngapi. Na aulize pia kama vile visanduku vya sola vitanunuliwa na betri ya akiba, kwa sababu mwezi Aprili Kilwa jua halionekani siku tatu mfululizo.